Picha Tatu na Samaki Wawili

Mimi si mtu wa sinema. Utotoni mwangu picha tulizoziona kijijini ni zile zilizoletwa na gari la serikali. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miembe miwili, injini ikanguruma, nasi tukaonyeshwa namna ya kupalilia pamba na kuchemsha maji ya kunywa. Watu walikuwa wengi, na sisi watoto tulisukumwa upande wa nyuma wa shuka, basi nikakua nikidhani kwamba watu wa kwenye picha wote hutumia mkono wa kushoto. Nayasema hayo mapema ili mjue ni mtu wa namna gani anayewaletea maoni haya.

Mwezi uliopita, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mimi na Mama Anjela tulikwenda Mwanza kumtembelea mdogo wangu. Tulipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Zamani pale palikuwa mahali pa kungoja kivuko, na kungoja huko kulikuwa na faida yake, maana mahindi ya kuchoma ya kando ya kivuko yalikuwa matamu. Sasa basi linapita juu ya maji bila kusimama, na mahindi yangu sikuyapata.

Tulikaa siku tano. Usiku wa siku tatu tulitazama picha tatu, na Jumapili tulikula hotelini. Tangu turudi, kila anayepita mlangoni anataka habari. Nimemwambia huyu kipande na yule kipande, mpaka wawili wamebishana kisimani juu ya jambo ambalo sikulisema. Afadhali niandike yote mara moja.

Kwanza niwajulishe wenyeji wetu. Mdogo wangu, Baba Neema, anafanya kazi katika kiwanda cha kukata minofu ya sangara, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alianza kwa kusukuma mikokoteni ya barafu, na leo ni msimamizi wa zamu. Tangu alipopewa cheo hicho, kichwa cha samaki hakijaingia nyumbani kwake. Minofu ndiyo, kichwa hapana. Mkewe, Mama Neema, ni mwanamke wa maneno machache. Binti yao Neema ni mwanachuo, na ana kompyuta mpakato. Chini yake kuna vijana wawili wa shule ya msingi, ambao hawana haja ya kuelezwa. Wako kama wenu.

MTOTO ALIYETAKA KURUKA

Usiku wa kwanza Neema alituwekea picha ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyotengenezwa na Likarion Wainaina mwaka 2018. Ni habari ya msichana wa miaka tisa, Jo, ambaye ni mgonjwa wa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili amalizie siku zake nyumbani. Jo anapenda sana picha za watu wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka angani na kusimamisha magari kwa mkono. Basi dada yake, Mwix, anakwenda kwa siri kwa watu wa kijiji, mmoja mmoja, na kuwaomba wajifanye kana kwamba mtoto ana nguvu hizo kweli. Mama anakasirika, maana yeye anataka mtoto alale, apumzike, asichoke. Ugomvi wa mama na dada ndio moyo wa picha hiyo, na sikuweza kuamua ni nani mwenye haki. Mama Anjela aliamua upesi kwamba ni mama. Neema akasema ni dada. Mdogo wangu alikuwa amelala kitini.

Picha hiyo ni fupi, haizidi sana saa moja, na mazungumzo yake mengi ni Kiswahili ambacho mtu yeyote atakifuata. Nawashauri muitazame na watoto, lakini mwe tayari kujibu maswali, maana mwisho wake ni ule mnaoujua tangu mwanzo. Kijana mdogo wa mdogo wangu aliuliza kama wale watu wa kijiji walitenda dhambi ya uongo. Nilimwambia akamwulize katekista.

KARAMU YA BABETTE

Usiku wa pili ilikuja picha ya watu wazima, ya Denmaki, iliyotengenezwa na Gabriel Axel mwaka 1987. Jina lake Babettes gæstebud, yaani Karamu ya Babette. Mwaka 1988 ilipata tuzo ya Oscar ya picha bora ya lugha ya kigeni. Wanasema Kidenmaki na Kifaransa, na maneno ya Kiingereza yanapita chini. Neema alisoma na kutufasiria kwa sauti, mpaka sauti ikamkauka.

Msidhani Denmaki ni mbali nasi mno. Aliyetunga hadithi hiyo ni Karen Blixen, yule bibi aliyelima kahawa karibu na vilima vya Ngong, Kenya, tangu mwaka 1914 mpaka 1931. Nyumba yake iko Nairobi hata leo, imefanywa makumbusho. Alikwisha kurudi kwao siku nyingi alipoiandika hadithi hii, na ilitolewa kwanza katika gazeti la akina mama la Marekani mwaka 1950.

Habari yenyewe ni hii. Katika kijiji cha pwani, chenye upepo na nyumba za kijivu, wanaishi dada wawili wazee, Martine na Philippa. Baba yao alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti mwenye kundi lake dogo, kundi kali, lililoona furaha ya mwili kuwa mtego. Katika ujana wao dada hao walipata wachumba, mmoja afisa wa jeshi, mwingine mwimbaji mashuhuri kutoka Paris, wakawaacha wote ili wamtumikie baba. Baba alikufa, nao wakaendelea kulitunza kundi. Usiku mmoja wa mvua, mwaka 1871, mwanamke Mfaransa anabisha hodi. Mumewe na mwanawe wameuawa katika vita vya Paris. Ana barua mkononi kutoka kwa yule mwimbaji, nayo inasema kwamba Babette anajua kupika.

Wale dada hawana fedha za kumlipa. Anakaa bila mshahara. Wanamfundisha kupika chakula chao, yaani samaki mkavu aliyelowekwa na uji wa mkate uliochanganywa na pombe. Hapo Mama Neema, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akichambua mchele, alisema neno lake la kwanza usiku ule: "Dagaa hao."

Anapika hivyo miaka kumi na minne! Hata siku moja bahati nasibu aliyokuwa akichezewa kila mwaka huko Ufaransa inamwangukia, faranga 10,000. Wale dada wanajua kwamba sasa atakwenda zake. Yeye anaomba jambo moja tu, kwamba katika kukumbuka miaka mia ya kuzaliwa kwa marehemu mchungaji apike yeye chakula cha Kifaransa, kwa fedha yake mwenyewe.

Wasomaji, vitu vilivyoingia katika kijiji kile! Kasa mzima, mkubwa, anapumua. Ndege wadogo mfano wa kwale ndani ya kizimba. Barafu, mvinyo, vyombo vya kioo. Martine akaota usiku ndoto ya kutisha, akawaendea wazee wa kundi akilia kwamba amefungua mlango kwa uchawi. Wazee wakamfariji na kupatana jambo moja: watakula, lakini hawatasema neno hata moja juu ya chakula, kana kwamba hawana ulimi wa kuonja.

Wakaketi kumi na wawili. Mmoja wao ni yule afisa wa zamani, sasa jemadari mwenye nishani kifuani, ambaye hakuwako kwenye mapatano yao. Anaonja supu, anashangaa. Anaonja mvinyo, anashangaa zaidi. Analetewa wale ndege waliookwa ndani ya unga, naye anakumbuka kwamba chakula hicho alikila Paris katika hoteli kubwa iitwayo Café Anglais, kilichobuniwa na mpishi wa pale, tena mpishi mwanamke. Anamweleza jirani yake. Jirani anamjibu habari ya hali ya hewa. Tulicheka mpaka mdogo wangu akaamka.

Na wale wazee, ambao kwa miaka walikuwa wamekaliana vibaya kwa madeni ya zamani na maneno ya zamani, wanaanza kulegea. Mmoja anakiri kwamba alimpunja mwenzake, mwenzake anakiri kwamba naye alimpunja. Wanatoka nje usiku, wanashikana mikono kukizunguka kisima. Neno juu ya chakula hawakusema.

Wageni walipokwisha kuondoka, wale dada waliingia jikoni kumuaga Babette. Akawaambia haendi popote, kwa kuwa hana fedha tena. Karamu ya watu kumi na wawili katika Café Anglais ni faranga 10,000, na yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa Café Anglais.

Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, aliipenda sana picha hii. Aliitaja hata katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, pale mwishoni mpishi anapokumbatiwa na kusifiwa. Mimi nina neno dogo la kulalamika: nusu ya kwanza inakwenda polepole kama punda aliyeshiba, na asiye na subira atalala kama ndugu yangu. Lakini sijapata kuona picha nyingine inayomfanya mtu asikie njaa na aone haya kwa wakati mmoja.

Tulipoulizana maoni, kila mtu alikuwa na lake. Mama Neema alingoja wote wamalize, akauliza, "Na vyombo alivyopikia, aliosha nani?" Hatukuwa na jibu. Picha inamwonyesha Babette ameketi jikoni, amechoka, amezungukwa na masufuria. Habari ya kuosha haimo.

JINAMIZI LA ZIWA LETU

Usiku wa tatu ndio uliokuwa mgumu. Neema alisema anayo picha inayohusu Mwanza yenyewe, ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Si hadithi ya kutungwa. Ni watu halisi waliopigwa picha katika maisha yao. Vijana waliambiwa wakalale, na kwa haki. Wazazi, picha hii si ya watoto.

Darwin ni yule mtaalamu Mwingereza aliyeandika mwaka 1859 jinsi viumbe wanavyogeuka na jinsi wanaoshindwa kumudu maisha wanavyopotea. Jina lake limetiwa humo kwa sababu ya sangara. Vijana wengi hawajui kwamba sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni samaki awezaye kufikia kilo 200, na hula samaki wenzake. Wale furu wadogo tuliowavua utotoni kwa ndoana za pini, aina zao zilikuwa mamia, na wataalamu wanahesabu kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka, kwa sababu ya sangara pamoja na kuchafuka kwa maji. Halafu sangara akawa mali. Viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege, na hata Ulaya ilipoizuia kwa vipindi mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya magonjwa na sumu, biashara ilirudi tena.

Picha inaonyesha ndege kubwa za Kirusi zikitua na kupaa, na marubani wake wakinywa pombe na wasichana wa mjini. Mtengenezaji anauliza tena na tena, ndege hizi zikija huwa zimebeba nini? Anataka kujua kama kuna silaha za vita vya nchi jirani. Tunaona watoto wa mitaani wakigombania wali, na wakivuta moshi wa plastiki iliyoyeyushwa ili wapate usingizi. Tunaona mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, akieleza kwa utulivu kwamba vita ingekuwa kazi nzuri. Tunaona msichana anayeimba wimbo wa kuisifu Tanzania, na baadaye tunaambiwa ameuawa na mwanamume mgeni aliyemnunua. Sura ya msichana yule ninayo mpaka leo. Na tunaona mapanki, yaani mafupa ya sangara pamoja na vichwa yanayobaki minofu ikiisha kutolewa, yamemwagwa kutoka kwenye malori, yana funza, na wanawake wanayaanika juu ya vichanja.

Ilipofika hapo mdogo wangu alisimama akaifunga kompyuta, kama mtu afunikaye sufuria.

"Kaka," aliniambia, "huyu mtu alikuja kutuchafua. Miaka ishirini na mbili naingia pale saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa buti nyeupe na kofia nyeupe. Nimejenga kwa kazi hii. Hakuna bunduki niliyoiona. Mimi nimeona minofu."

Ni kweli kwamba hakuwa peke yake. Rais Jakaya Kikwete mwenyewe aliilaumu picha hiyo hadharani mwaka 2006, kwamba imeipaka nchi matope. Huko Ufaransa mwanahistoria mmoja aliandika kuipinga. Mtengenezaji akamshtaki kwa kumharibia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa mtengenezaji haki. Nilipomweleza mdogo wangu hayo alisema mahakama ya Paris haijui njia ya kwenda Igoma.

Neema akasema, "Lakini baba, hao watoto wa mitaani walikuwepo. Ulikuwa ukituambia tusipite ile njia."

"Nyamaza."

Tukanyamaza wote. Ndipo Mama Neema, kutoka pale mlangoni, akasema, "Fungueni. Nataka kuwaona wale wanawake."

Mdogo wangu hakufungua. Neema alifungua. Mama yake akasogea mpaka karibu na kioo, akawatazama wale wanawake wa vichanjani mmoja mmoja, kama mtu atafutaye nduguye katika picha ya arusi. Akatikisa kichwa, hakumwona aliyemjua. Akanigeukia mimi. Nadhani ni kwa sababu ya heshima ya mumewe alinigeukia mimi.

"Shemeji," alisema, "mimi nimekaanga mapanki miaka sita. Ndugu yako alikuwa bado anasukuma barafu, mshahara unaisha tarehe kumi. Nilikuwa nafika kabla ya lori, nachagua ya asubuhi, ya jana siyagusi. Naosha kwa maji ya chumvi, nakaanga, nauza barabarani mpaka saa nne za usiku. Huyu Neema alianza shule kwa mapanki. Mzungu huyu amekuja, ameona funza. Funza walikuwepo, sikatai. Ndugu yako anaona aibu. Lakini nyama ya shavu la sangara, hapa, chini ya jicho, ni tamu kuliko mnofu wote anaowapelekea watu wa Ulaya. Hilo hakuna aliyeliuliza."

Akarudi kwenye mchele wake. Picha tuliimaliza, ila mdogo wangu alitoka nje kuangalia kama geti limefungwa, akaliangalia muda mrefu.

Maoni yangu ni haya. Siamini kwamba mtu yule alidanganya. Macho yake yaliona yaliyokuwako, na mengine yalikuwa mabaya kuliko tulivyopenda kusikia, tena kutoka kwa mgeni. Lakini alikaa usiku tu. Asubuhi ya Mwanza haimo katika picha yake, wala wanafunzi wanaokimbilia shule, wala watu wanaotoka kanisani, wala mama anayechagua ya asubuhi na kuacha ya jana. Na tangu hapo miaka zaidi ya ishirini imepita. Sasa mambo yamegeuka kwa namna ambayo hata yeye hakuiwaza: sangara wamepungua, viwanda vinalalamika kwamba mashine zinakaa bure, na bondo la sangara, lile puto la ndani tulilokuwa tukilitupa, linanunuliwa kwa bei kubwa kupelekwa China.

SAMAKI WAWILI, WATU SABA

Jumapili, baada ya Misa ya pili, nilisema Mama Neema hapiki leo. Tuliingia hoteli moja ya kando ya ziwa, ambayo jina lake sitalitaja. Mahali pazuri, miti, mawe makubwa, upepo. Tulikuwa watu saba. Nikaagiza sato wawili wakubwa wa kuchoma, ugali, matembele na kachumbari. Mama Anjela aliniuliza kwa sauti ya chini kama samaki wawili watatosha. Nilimjibu kwamba pana habari ya samaki wawili waliotosha watu elfu tano. Akasema, "Aliyewagawa hakuwa wewe." Nikaongeza chipsi za watoto.

Tuliketi saa saba. Saa nane ikapita. Soda ziliisha, vijana wakaanza kutupa mawe majini. Saa tisa kasoro robo samaki walifika, weusi kwa nje, wamependeza. Nilipomfungua wa kwanza, karibu na uti wa mgongo bado damu. Basi hapo nilitoa sauti ambayo sijivunii. Mdogo wangu akatoa kubwa zaidi, akitaja cheo chake cha kiwandani, kana kwamba mhudumu yule alikuwa wa zamu yake. Kijana wa watu alisimama na sinia, hajui aende wapi.

Mama Neema alichukua sinia, akaenda nalo jikoni mwenyewe.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alinuka moshi, na mkono wa gauni lake la kanisani ulikuwa na jivu. "Ni msichana mmoja, peke yake," alisema. "Mwenzake hakuja leo. Ana meza kumi na moja na jiko moja la mkaa, la pili limepasuka. Nimemwonyesha kuchanja mpaka mfupani, moto uingie." Nilitazama upande wa kaunta. Mwenye hoteli alikuwa kivulini na simu yake.

Wale sato waliporudi walikuwa kitu kingine. Ngozi imekauka, nyama imeachana na mfupa yenyewe, chumvi na ndimu zimeingia kwenye mikato. Ugali ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kachumbari ilikuwa vitunguu vitupu, nyanya moja inatafutana na wenzake. Kuhusu bei nasema hivi: ukienda mahali kama pale, chagua samaki wako akiwa mbichi na uulize bei kabla hajawekwa motoni. Mimi niliuliza baada ya kula, nikalipa shilingi 74,000, nikasikia nauli ya kurudi ikilia mfukoni.

Kabla hatujaondoka Neema alisema, "Baba mkubwa, tumwite mpishi." Nikaelewa anakumbuka nini. Mhudumu alipokwenda kumwita, nadhani alimwambia kwamba wale wakali wanamtaka, kwa kuwa msichana alikuja akifuta mikono, hatazami mtu, kama aliyeitwa barazani kwa mzee wa kijiji. Umri wake si mkubwa kuliko wa Neema. Mimi, niliyekuwa na sauti saa moja kabla, sikuwa na neno. Mama Neema ndiye aliyesema. "Samaki wa mara ya pili alikuwa mzuri. Kesho anza hivyo hivyo." Mama Anjela akamtia kitu mkononi. Msichana alishukuru kwa kupiga goti, akarudi mbio, kwa sababu meza nyingine zilikuwa zinaita.

Njiani mdogo wangu alikuwa kimya tangu hotelini mpaka nyumbani.

Jumatatu, siku ya kuagana, Mama Neema alirauka kwenda soko la Mwaloni, Kirumba. Alirudi na kichwa cha sangara kikubwa kama cha ndama, akakipasua kwa shoka uani, mbele ya majirani wote. Akakichemsha na nyanya, vitunguu, ndimu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Harufu ilijaa nyumba. Sisi wageni tulipewa kwanza. Kisha akaweka bakuli mbele ya mumewe, akarudi jikoni bila kungoja.

Mdogo wangu alilitazama lile bakuli. Alivaa tayari nguo za kazi. Akachukua kijiko, akakiacha, akanawa mikono tena, akaingiza vidole chini ya jicho la samaki, akatoa shavu zima. Alikula mpaka akanyonya mifupa. Sote tulijifanya tunatafuta mizigo yetu.

"Mama Neema," aliita.

"Bee."

"Chumvi imekaa sawasawa."

Akasukuma bakuli mbele, aongezewe.